Mfupa Mweupe Usio Imara: Utafiti juu ya Ubora wa Mifupa

Katika picha ya eksirei, mahali penye madini mengi huonekana peupe kuliko mahali penye madini machache. Kwa hiyo mtu aliyezoea kuzisoma picha hizo hutazamia kwamba mfupa uliokolea weupe ni mfupa uliojaa madini, na kwamba mfupa uliojaa madini ni mfupa wenye nguvu. Matazamio hayo hufaa mahali pengi, lakini hayafai katika baadhi ya vijiji vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Meru na tambarare zinazouzunguka, kaskazini mwa Tanzania. Huko zimepigwa picha za watu wazima ambao uti wao wa mgongo na nyonga zao huonekana nyeupe mithili ya chaki, hata michirizi ya ndani ya mfupa isitambulikane tena. Hata hivyo, wenye mifupa hiyo hawakuwa na nguvu zaidi ya wenzao. Wengine hawawezi kuinama kuokota kitu chini, wengine hugeuza kiwiliwili kizima ili watazame kando kwa kuwa shingo haigeuki, na miongoni mwa watoto wa maeneo hayo wapo ambao miguu yao imepinda.

Sababu ya hali hiyo ni floraidi iliyomo katika maji ya kunywa. Hilo limejulikana kwa miaka mingi. Jambo ambalo halijaenea sana, na ambalo lina manufaa hata kwa mtu asiyeishi karibu na Mlima Meru, ni mafunzo ambayo wataalamu wameyapata kutokana na mifupa hiyo mintarafu ya tofauti iliyopo baina ya wingi wa mfupa na ubora wake. Wingi ni kiasi cha madini kilichomo. Ubora ni namna madini hayo yalivyopangwa, yalivyoshikamana na vitu vingine vya mfupa, na jinsi mfupa mzima unavyostahimili kupindwa, kugongwa na kuelemewa. Mambo hayo mawili aghalabu hufuatana, na ndiyo maana ilichukua muda mrefu kutambua kwamba yanaweza kuachana.

Vitu viwili katika kitu kimoja

Lipo jaribio ambalo mwalimu yeyote aweza kulifanya darasani bila gharama kubwa. Mfupa wa paja la kuku usafishwe vizuri na kutiwa katika chupa yenye siki, na siki hiyo ibadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu. Baada ya juma moja au zaidi, mfupa huo utakuwa umelegea kiasi cha kuweza kupindwa kwa vidole kama mpira, ingawa umbo lake halikubadilika. Mfupa wa pili utiwe katika makaa ya moto hadi ugeuke kuwa mweupe kabisa, kisha uachwe upoe. Huu nao utabaki na umbo lake la awali, lakini ukibonywa kidogo tu utapasuka na kusagika kuwa unga.

Siki imeyayeyusha madini na kuacha nyuzi. Moto umeziunguza nyuzi na kuacha madini. Nyuzi hizo ni za protini iitwayo kolajeni, ile ile inayopatikana katika ngozi na katika kano. Madini ni fuwele ndogo mno, zisizoonekana kwa darubini ya kawaida, zilizoundwa hasa kwa kalsiamu na fosfati, na wanakemia huziita haidroksiapatiti. Madini huchukua takriban theluthi mbili za uzito wa mfupa. Sehemu iliyobaki ni kolajeni, protini nyingine chache, na maji. Zaidi ya asilimia 99 ya kalsiamu yote iliyomo mwilini imo katika mifupa na meno.

Mwenye kuijua nyumba ya miti na udongo ataelewa upesi. Fito peke yake hupinda na kuyumba. Udongo peke yake husimama kwa muda, kisha hupasuka na kumomonyoka. Ukuta hupata uimara pale udongo unapokuwa umeshikwa na fito sawasawa. Tena, kuongeza udongo juu ya ukuta ambao fito zake zimeoza, au ambao udongo wake haukushikana na fito, ni kuongeza uzito tu. Mfano huo una mipaka yake, kwa sababu ukuta haujijengi upya, hali mfupa hujijenga upya siku zote; lakini kwa jambo linalozungumzwa hapa unatosha.

Wanapochunguza ubora wa mfupa, wataalamu hutazama mambo kadha wa kadha. Hutazama jinsi nyuzi za kolajeni zilivyofungwa pamoja, kwa kuwa vifungo vikiwa vichache mno nyuzi huteleza, na vikiwa vingi mno au vya aina isiyofaa, kama vile vinavyoletwa na sukari nyingi katika damu, mfupa hukauka na kuwa mwepesi wa kukatika. Hutazama ukubwa wa fuwele. Hutazama mtandao wa vijiti vyembamba vilivyomo ndani ya ncha za mifupa mirefu na ndani ya pingili za uti wa mgongo, kwani vijiti vichache vilivyounganika vizuri vyaweza kubeba mzigo mkubwa kuliko vijiti vinene vilivyokatika katikati. Hutazama pia nyufa ndogo ndogo zinazotokea mfupani kutokana na kazi za kila siku, na kama nyufa hizo zinazibwa kwa wakati.

Kubomoa na kujenga

Kazi ya kuziba nyufa hufanywa na seli zinazoishi ndani ya mfupa. Zipo seli bomozi, ambazo hula sehemu ya mfupa iliyochakaa kwa majuma machache, na zipo seli jenzi, ambazo hufuata nyuma yake na kujaza pengo kwa kolajeni mpya, ambayo baadaye hupokea madini. Ujenzi huo huchukua miezi kadhaa. Kwa njia hiyo takriban sehemu moja ya kumi ya mfupa wa mtu mzima hufanywa upya kila mwaka. Aina ya tatu ya seli hubaki zimezikwa ndani ya mfupa wenyewe, zikiunganishwa kwa vijinjia vyembamba, na hizo ndizo zinazohisi mzigo na kutoa habari juu ya mahali panapohitaji kuimarishwa.

Mnamo mwaka 1892 daktari Mjerumani, Julius Wolff, alitoa kitabu akieleza kwamba umbo na mpangilio wa mfupa hufuata mizigo inayoukabili. Ushahidi umeongezeka tangu wakati huo. Wachezaji wa tenisi walioanza mchezo tangu utotoni huwa na mfupa mnene zaidi katika mkono unaoshika kipigio kuliko katika mkono wa pili. Wanaanga wanaokaa miezi kadhaa angani, ambako mwili hauna uzito, hupoteza kwa wastani kati ya asilimia 1 na 1.5 ya madini ya nyonga kwa kila mwezi mmoja, wasipofanya mazoezi makali. Kwa hiyo kutembea, kulima na kubeba ni chakula cha mfupa kama vilivyo maziwa na dagaa. Mwanga wa jua nao huuwezesha mwili kutengeneza vitamini D, ambayo bila hiyo kalsiamu iliyoliwa haifyonzwi ipasavyo. Baada ya hedhi kukoma, homoni ya estrojeni hupungua na kasi ya kubomoa huipita kasi ya kujenga. Ndiyo sababu wanawake wazee huvunjika mifupa zaidi kuliko wanaume wa umri wao. Tumbaku, pombe nyingi, na dawa za jamii ya kotisoni zinazotumiwa kwa muda mrefu nazo hudhoofisha mfupa.

Kipimo na mipaka yake

Hospitali zenye vifaa hutumia mashine inayopitisha miale miwili ya eksirei kupima kiasi cha madini kilichomo katika nyonga na kiuno. Mwaka 1994 kundi la wataalamu wa Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango ambacho mtu akiwa chini yake huhesabiwa kuwa mifupa yake imepungua kwa kiasi cha ugonjwa. Kipimo hicho kimesaidia sana. Lakini kinahesabu udongo wa ukuta bila kuziangalia fito.

Upungufu wake hudhihirika katika magonjwa mengine yasiyo ya floraidi. Mwaka 1904, Heinrich Albers-Schönberg wa Hamburg alieleza habari za mgonjwa ambaye mifupa yake ilikuwa myeupe na mizito kama marumaru, nayo ilivunjika kwa urahisi. Siku hizi inajulikana kuwa katika ugonjwa huo seli bomozi hazifanyi kazi, hivyo mfupa wa zamani hurundikana bila kufanyiwa ukarabati. Wenye kisukari cha watu wazima nao huvunjika mifupa zaidi ya ilivyotazamiwa, ijapokuwa kipimo cha madini yao aghalabu huwa cha kawaida au hata cha juu. Kwa upande wa pili, utafiti uliochapishwa mwaka 1996 juu ya wanawake wazee wa vijijini nchini Gambia ulionyesha kwamba madini ya mifupa yao yalikuwa machache kuliko ya wanawake wa Uingereza, na chakula chao kilikuwa na kalsiamu kidogo sana, lakini kuvunjika mifupa kulikuwa nadra kwao. Haifai kutoa hitimisho kwamba kalsiamu haina maana. Wanawake hao walifanya kazi za mwili maisha yao yote, na miili yao ilizoea kuitunza kalsiamu hiyo kidogo. Linaloonekana wazi ni kwamba kipimo cha madini peke yake hakikuweza kubashiri nani atavunjika.

Floraidi ya Mlima Meru

Miamba ya volkano iliyo pande zote za Bonde la Ufa ina floraidi na sodiamu kwa wingi, na kalsiamu kidogo. Upungufu huo wa kalsiamu ni jambo la maana sana. Mahali ambapo maji yana kalsiamu nyingi, floraidi huungana nayo na kutua chini. Mahali ambapo maji yana sodiamu, floraidi hubaki imeyeyuka na kusafiri na maji. Kwa sababu hiyo chemchemi na mito inayoanzia Mlima Meru, ukiwamo mto uitwao Maji ya Chai kutokana na rangi yake, hubeba floraidi nyingi. Katika baadhi ya vyanzo vya eneo hilo kiasi kilichopimwa kimezidi miligramu 20 kwa lita moja, na katika maziwa ya Momella ni mamia ya miligramu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5. Hali kama hiyo iko Nakuru na Naivasha nchini Kenya, na katika sehemu za Ethiopia.

Ugonjwa wa mifupa unaoletwa na floraidi haukugunduliwa Afrika. Mwaka 1932 madaktari wawili wa Copenhagen, Møller na Gudjonsson, waliwapiga picha wafanyakazi wa kiwanda kilichosaga jiwe liitwalo kriolaiti, ambalo vumbi lake limejaa floraidi, wakashangaa kuona mifupa iliyokolea weupe na kano zilizogeuka kuwa mifupa. Mwaka 1937 Shortt na wenzake walieleza habari za ugonjwa huo huo miongoni mwa wanavijiji wa jimbo la Madras, nchini India, ambao hawakuingia kiwandani. Wao waliupata katika visima vyao. Kwa upande wa Tanganyika, Grech na Latham walichapisha mwaka 1964 uchunguzi wao juu ya floraidi katika eneo la kaskazini, uliohusu meno na mifupa pia. Kisha mwaka 1980 zikachapishwa picha za eksirei za watoto wa eneo hilo zilizokusanywa na Christie, na jambo lililoonekana humo ni kwamba mabadiliko hayakuwa ya namna moja. Watoto wengine walikuwa na mifupa iliyokolea weupe, na wengine walikuwa na mifupa iliyopungukiwa na madini na kupinda.

Meno huonyesha dalili mapema, lakini dalili hiyo ina udanganyifu wake. Madoa ya kahawia hutokea pale tu mtoto anapokunywa floraidi nyingi wakati utando mgumu wa meno yake unajengeka, yaani katika miaka minane hivi ya kwanza. Mtu anayehamia Arusha akiwa na umri wa miaka 25 atabaki na meno meupe siku zote, hali mifupa yake inaendelea kukusanya floraidi kimya kimya. Floraidi inayoingia mwilini, sehemu yake hutolewa na figo katika mkojo, na sehemu iliyo karibu nusu kwa mtu mzima, na zaidi ya nusu kwa mtoto anayekua, huhifadhiwa mfupani. Hutoka humo polepole mno, kwa muda wa miaka mingi. Kwa hiyo yeyote anayeyaamini meno peke yake atawahesabu wagonjwa pungufu.

Wahudumu wa afya vijijini hutumia majaribio matatu yasiyohitaji mashine. Mtu huambiwa ainame aguse vidole vya miguu bila kukunja magoti. Aguse kifua kwa kidevu. Na anyooshe mikono kisha aikunje ili aguse kisogo. Anayeshindwa, hali hana umri mkubwa wala jeraha, hupelekwa kupigwa picha. Katika hatua za mwisho za ugonjwa kano za uti wa mgongo huwa zimekuwa ngumu kabisa, na vinundu vya mfupa vinavyoota huweza kuibana mishipa ya fahamu hadi miguu ikapooza.

Sumu iliyofanywa dawa

Kutokana na weupe wa picha hizo, madaktari wa nchi nyingine walipata wazo. Ikiwa floraidi huongeza madini ya mfupa, kwa nini wazee ambao mifupa yao inapungua wasipewe floraidi? Wazo hilo halikuwa la kipumbavu. Mwaka 1961 Rich na Ensinck walitoa taarifa ya kwanza juu ya kutumia floraidi ya sodiamu kwa wagonjwa wa namna hiyo. Mwaka 1966 uchunguzi uliofanywa katika jimbo la North Dakota, Marekani, ulionyesha kwamba katika sehemu ambazo maji yalikuwa na floraidi nyingi kiasi, wanawake wenye mifupa iliyopungua walikuwa wachache kuliko sehemu nyingine. Dawa ikaenea, hasa katika nchi za Ulaya, na madaktari walioipima kwa picha waliridhika, kwa kuwa picha zilizidi kuwa nyeupe.

Jaribio lililotoa jibu lilifanywa katika Mayo Clinic, Marekani, na Lawrence Riggs na wenzake, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Wanawake 202 ambao hedhi ilikwisha koma na ambao pingili za mgongo wao zilikuwa zimewahi kuvunjika waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili sawa. Kundi la kwanza lilipewa miligramu 75 za floraidi ya sodiamu kila siku, na kundi la pili vidonge visivyo na dawa. Wote walipewa kalsiamu. Baada ya miaka minne, madini ya kiuno ya waliopewa floraidi yalikuwa yameongezeka kwa asilimia 35, kiasi ambacho ni nadra kukisikia. Lakini mvunjiko mpya wa pingili haukupungua: ulikuwa 163 katika kundi la floraidi na 136 katika kundi la pili, tofauti ambayo kwa hesabu za takwimu haikuwa na maana. Mifupa mingine, kama vile ya nyonga na miguu, ilivunjika mara 72 kwa waliopewa floraidi na mara 24 tu kwa wasiopewa.

Zipo namna mbili za kuyasoma matokeo hayo. Yaweza kusemwa kwamba kipimo kilikuwa kikubwa mno, na walikuwapo wataalamu waliosema hivyo na kujaribu vipimo vidogo zaidi. Lakini tarakimu za mvunjiko zilitosha kuonyesha kwamba ongezeko la madini si ushahidi wa ongezeko la uimara, na baada ya hapo floraidi ilipoteza nafasi yake miongoni mwa dawa za mifupa. Manufaa mengine ya jaribio hilo, pengine makubwa kuliko habari za floraidi yenyewe, ni kwamba tangu hapo imekuwa vigumu kwa dawa mpya ya mifupa kukubaliwa kwa sababu ya kuongeza madini tu. Hutakiwa kuonyesha kwamba watu wanaoitumia wanavunjika mara chache zaidi.

Maelezo ya jambo hilo yako katika fuwele. Ndani ya haidroksiapatiti kuna nafasi ambazo floraidi huzipenda kuliko kitu kilichokuwamo, naye mgeni huyo akiingia hakubali kutoka kwa urahisi. Fuwele zenye floraidi ni kubwa kidogo, hazishikamani vema na nyuzi za kolajeni, na seli bomozi huziyeyusha kwa shida. Wakati huo huo floraidi huzichochea seli jenzi, hivyo mfupa mpya hurundikwa juu ya wa zamani, na mara nyingi kolajeni hutandazwa haraka kuliko madini yanavyoweza kuijaza. Matokeo yake ni mfupa ulio mwingi na mzito, unaostahimili kugandamizwa kwa kiasi fulani, lakini unaokatika unapopindwa. Uchunguzi wa watu zaidi ya 8,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi nchini China, uliochapishwa mwaka 2001, unaafikiana na maelezo hayo: waliovunjika kwa uchache zaidi walikuwa wale ambao maji yao yalikuwa na floraidi kiasi cha miligramu 1 kwa lita, na waliovunjika kwa wingi zaidi walikuwa wale ambao maji yao yalizidi miligramu 4.

Watoto na chungu cha maharage

Bado kuna swali la watoto: kwa nini maji yale yale humkoleza mmoja mifupa na kumpinda mwingine? Jibu lilianza kuonekana nchini India. Mwaka 1973 Krishnamachari na Krishnaswamy walieleza habari za vijana wa Andhra Pradesh ambao magoti yao yalikuwa yameingia ndani hadi kugusana, katika eneo lenye floraidi nyingi ambalo watu wake ni maskini. Kadiri utafiti ulivyoendelea, ndivyo ilivyobainika kwamba floraidi huwa na madhara makubwa zaidi kwa mtoto anayekosa kalsiamu na chakula bora. Seli jenzi huchochewa zijenge, lakini kalsiamu ya kujengea haipo. Mfupa hubaki laini, na uzito wa mwili huupinda. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kusini-magharibi mwa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako vijana wengi walikuwa na miguu iliyopinda, na floraidi ya maji ya kunywa ilionekana kuhusika.

Maji si njia pekee. Magadi yanayotiwa katika maharage na makande ili yaive upesi yaweza kuwa na floraidi nyingi mno, hasa yale yachotwayo katika maeneo yale yale ya Bonde la Ufa. Mwaka 1997 watafiti wa meno walionyesha kwamba nchini Tanzania watoto wa sehemu ambazo maji yake hayana tatizo walikuwa na meno yenye madoa pale ambapo magadi yalitumika sana. Majani ya chai nayo hukusanya floraidi kutoka udongoni. Mama anayepika maharage kwa maji ya mto wenye floraidi, akatia magadi, akayaacha yachemke kwa saa tatu, huwa amelijaza chungu lake mara tatu bila kujua, kwa kuwa kuchemsha hakuiondoi floraidi hata kidogo. Maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki. Hili yafaa lisemwe kwa sauti katika kliniki za wajawazito, kwa sababu ushauri wa kuchemsha maji, ambao ni mwema kabisa kwa kipindupindu na homa ya matumbo, huwafanya wengi waamini kwamba maji yaliyochemshwa hayana dosari yoyote.

Mkaa wa mifupa

Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda kilichoruhusu floraidi hadi miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini. Waliokilaumu kiwango hicho walikuwa na haki, lakini haifai kusahau kwamba kama ingetakiwa miligramu 1.5 wakati huo, vijiji vingi vingeambiwa vifunge vyanzo vyao bila kupewa vingine. Kiwango hicho kilishushwa baadaye hadi 4, na kisha hadi 1.5. Kuandika tarakimu katika karatasi ni kazi ya siku moja. Kuiondoa floraidi majini ni kazi iliyoanza zamani na haijaisha.

Njia moja ni kutia shabu na chokaa katika ndoo ya maji, kukoroga, kuacha yatulie, kisha kuyachota maji ya juu. Njia nyingine, ambayo imefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha serikali cha utafiti kilichoko Ngurdoto, karibu na Arusha, na pia katika Jimbo Katoliki la Nakuru nchini Kenya, hutumia mifupa ya ng'ombe. Tabia ile ile inayoufanya mfupa wa mtu aliye hai uikamate floraidi na kuharibika, huufanya mfupa wa ng'ombe aliyekwisha chinjwa uwe chujio. Mifupa huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi za Selsiasi, kisha husagwa kuwa chenga. Joto likiwa dogo mno, mafuta na kolajeni hubaki na maji hutoka yakinuka. Likiwa kubwa mno, chenga huwa nyeupe na hupoteza uwezo wa kukamata floraidi. Fundi hodari huzitambua chenga nzuri kwa rangi, ambayo ni nyeusi au ya kijivu. Watumiaji huuliza pia mifupa hiyo ni ya mnyama gani na amechinjwa vipi. Hilo ni swali la haki, na mradi usiolijibu tangu mwanzo hukataliwa.

Familia haihitaji kuchuja maji yote. Ya kufulia na kuogea hayana madhara. Yanayotakiwa ni ya kunywa na kupikia tu, ambayo kwa nyumba ya kawaida ni ndoo moja au mbili kwa siku. Ugumu uko katika kujua wakati ambapo chenga zimejaa floraidi na hazikamati tena. Chujio lililochoka hutoa maji yaliyo maangavu na yenye ladha nzuri kama yalivyokuwa siku ya kwanza, hivyo macho na ulimi havisaidii kitu. Hapana budi maji yapimwe kwa kifaa kila baada ya muda, au, pasipo na kifaa, mwenye nyumba aweke alama ukutani kwa kila ndoo iliyopita, na idadi aliyopewa na fundi ikifika, chenga zirudishwe kituoni zioshwe kwa soda kali au zibadilishwe.